Aliyekaa Mbele ya Mtutu

Machi 1963, mtu mmoja mjini Dallas alikata kuponi kwenye jarida la American Rifleman, akaijaza, akaiambatanisha na hawala ya posta ya dola 21.45 na kuituma Chicago. Dola 19.95 zilikuwa bei ya bunduki pamoja na darubini yake, dola 1.50 zilikuwa za usafirishaji. Bunduki yenyewe ilikuwa kuukuu: Carcano iliyotengenezwa Italia mwaka 1940 kwa ajili ya jeshi, mojawapo ya zile zilizouzwa kwa bei ya chini baada ya vita.

Mnunuzi hakuishika wala kuitazama kabla ya kulipa. Duka la Klein's nalo halikumwona mnunuzi. Liliona jina, A. Hidell, na namba ya sanduku la posta. Jina lilikuwa la uongo. Mtu mwenyewe aliitwa Lee Harvey Oswald. Tume ya Warren ilihitimisha kwamba ndiyo bunduki iliyomuua Rais Kennedy tarehe 22 Novemba mwaka huohuo.

Sisi husema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na huruma yetu yote humwendea mnunuzi. Anayeagiza bunduki iliyotumika bila kuiona ana sababu ya kuogopa: kutu ndani ya mtutu, kitako kilichopasuka, vipuri vya bunduki mbili vilivyounganishwa kuwa moja. Ndiyo maana wauzaji walizoea kupanga hali ya silaha kwa madaraja, nzuri, nzuri sana, na wengine wakatoza nyongeza ili wakuchagulie iliyo bora kati ya zilizopo. Uangalifu huo wote ni wa kumlinda anayelipa. Lakini bunduki ikiwa nzima kabisa, kama ilivyoahidiwa, bado kuna mtu anayeweza kudhurika, naye hayumo kwenye biashara. Hakutoa senti wala hakusoma tangazo. Siku ile ile atakayokaa mbele ya mtutu ndiyo atakayojua kwamba kuna kitu kiliuzwa.

Oktoba 1968, Rais Johnson alitia saini sheria iliyowazuia wauzaji kutuma bunduki kwa posta moja kwa moja kwa mtu wa kawaida wa jimbo jingine. Leo Mmarekani anaweza kuchagua bunduki kwenye mtandao, lakini kwa kawaida kifurushi huenda kwanza kwa muuzaji mwenye leseni karibu naye. Huyo hutazama kitambulisho na kuuliza katika mfumo wa FBI kabla ya kumkabidhi. Mnunuzi naye hupata nafasi ya kukagua alichoagiza. Sheria ilirudisha macho pale ambapo posta iliyaondoa.

Kuna pingamizi la haki hapa. Uso hauonyeshi moyo. Oswald angeweza kuingia dukani, akatabasamu, akauziwa. Nakubali. Hata hivyo, aliyetazama akadanganywa hayuko sawa na aliyepanga biashara yake asihitaji kutazama. Wa kwanza alishindwa. Wa pili aliuza pia ule uhuru wa kusema, "Sikujua."

Ningependa kuishia hapo, nikiwa nimewanyooshea kidole watu wa mbali. Lakini mwaka juzi niliuza pikipiki yangu kwa mtu wa mkoa mwingine. Hakuiona, alitazama picha, akatuma fedha kwa simu, nikaipakia kwenye lori. Nilimweleza ukweli wote: tairi la nyuma limelika, breki ya mbele haishiki vizuri. Akaomba punguzo la shilingi elfu thelathini. Nikampa. Akashukuru, akasema nimekuwa muungwana, na kwamba pikipiki ni ya mdogo wake anayeanza bodaboda.

Nililala nikijiona mwaminifu. Siku kadhaa baadaye ndipo nilipomfikiria abiria. Mama anayepanda sokoni na mwanawe mgongoni hakuona picha zangu wala hakusoma ujumbe wangu, na punguzo halikumfikia. Nilimpigia mnunuzi kuuliza kama breki imetengenezwa. Akacheka: "Bado, ndugu yangu, lakini dogo ameshaizoea."

Fundi wa mtaani kwetu angeitengeneza kwa shilingi elfu thelathini zilezile.