Ndege wa Mungu na Picha Zetu

Ni desturi njema kwa jamaa kutoka pamoja siku ya mapumziko na kwenda kutazama viumbe vya Mungu katika hifadhi za nchi. Twaisifu desturi hiyo, maadamu Misa ya Dominika haikusahauliwa. Lakini lipo jambo moja linalotupasa kuonyana.

Fikirini Ziwa Manyara, ambalo hifadhi yake ilianzishwa mwaka 1960. Katika maji yake ya magadi huonekana heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, wameinamisha vichwa, wakichuja kwa midomo yao vijimea vidogo sana vilivyo majini. Hicho ndicho chakula chao. Mtu afika na kamera, awaona wametulia, naye ataka picha ya mabawa angani. Basi apiga makofi, au amwambia mtoto wake arushe jiwe. Kundi zima laruka. Picha imepatikana, watu wacheka.

Nao ndege wamepata nini? Wameachishwa chakula, na nguvu zao zimepotea bure. Penye viota hasara huzidi. Heroe, ambao katika nchi zetu huzaa hasa Ziwa Natron, hutaga yai moja tu juu ya kichuguu cha tope, na baba na mama hulilalia kwa zamu yapata siku 28. Wakifukuzwa, yai labaki wazi kwa jua kali na kwa ndege walao mayai. Likipotea, hakuna la pili kiotani.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliwakataza Waisraeli kumtwaa mama ndege pamoja na makinda yake. Ikiwa Muumba alitoa amri kwa ajili ya kiota, sisi tu nani hata tukidharau? Naye Bwana wetu, alipotufundisha kumtumainia Baba, alituambia tuwatazame ndege, hakutuambia tuwashtue. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, wala si kwa faida yetu tu.

Enyi wazazi, mtoto aliyeagizwa kurusha jiwe amefundishwa kwamba mnyonge aweza kusumbuliwa ili mwenye nguvu afurahi. Kesho atampiga picha maskini aliyeanguka njiani, awachekeshe rafiki zake. Bali mtoto aliyezoezwa kuketi kimya na kungoja amejifunza saburi na heshima, na hizo ndizo zitakazomfaa hata katika sala.

Basi nendeni, mkapige picha kwa mbali na kwa utulivu. Ndege akiruka kwa hiari yake, ipokeeni kama zawadi. Asiporuka, mshukuruni Mungu kwa hayo mliyoyaona, mkamwache ale riziki yake kwa amani.