Sikio Halina Kope

Jicho lina kope. Mtu asiyetaka kuona hufumba macho, mambo yakaisha. Sikio halikupewa kope. Hata usingizini hubaki wazi, na ndiyo maana mama aliyechoka huamshwa na kilio cha mtoto wake. Nadhani imo hekima katika umbile hili. Kwa macho, mwanadamu huchagua atazame nini. Kwa masikio, hubaki kuwa mtu wa watu, maana yeyote aliye jirani anaweza kumwita, apende asipende.

Vijana wetu wa leo wameipata kope iliyokosekana, nayo ni hedifoni. Namsema hasa kijana anayecheza gemu mtandaoni kwa simu ya mkononi, huku akizungumza na wenzake kwa programu ya sauti. Asiyeujua mchezo huo atamdhani amerukwa na akili: ameketi peke yake, mara anacheka, mara anafoka, mara anapiga kelele, "Nyuma yako! Nyuma yako!" na nyuma hakuna mtu. Lakini anazo sababu zake. Katika mchezo kama PUBG Mobile, uliotoka mwaka 2018, watu wapatao 100 hushushwa kisiwani kupambana, na kikosi huweza kuwa cha watu wanne. Hedifoni humjulisha kama hatua za adui zinatoka kulia au kushoto. Aidha, sauti za wenzake zikitokea kwenye spika ya simu, maikrofoni huweza kuzinasa na kuwarudishia mwangwi. Kwa hiyo kuvaa hedifoni ni adabu pia kwa wale anaocheza nao.

Basi swali langu si kama gemu ni nzuri au mbaya. Hilo limejadiliwa hadi limechakaa. Nauliza hivi: aliye karibu nami ni nani? Ni yule aliye kando ya mwili wangu, au yule aliye ndani ya sikio langu?

Wazee wengi hulijibu swali hili bila kusita. Fimbo ya mbali haiui nyoka, husema. Ukishikwa na homa usiku wa manane, atakayekubeba hadi hospitali ni mtu wa nyumba hii, si sauti ya mtu usiyejua hata sura yake. Hoja hii ina uzito. Tena tunayo mila inayoiunga mkono. Kwetu pwani mtoto wa kiume akiitwa huitika "naam", na wa kike "abee", kabla hajajua anaitiwa nini. Kuitika huko si kukubali kutumwa tu. Ni kusema: nipo, na ninatambua kuwa nawe upo. Mzee aitaye mara tatu asiitikiwe haumizwi sana na maji ambayo hayakuletwa. Huumizwa na kuhisi kwamba katika nyumba yake mwenyewe amekuwa kama hayupo.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba walio mbali ni vivuli tu. Tumtazame Mats Steen, kijana wa Norway aliyezaliwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli. Mwili wake ulipoendelea kumwishia nguvu, alitumia muda mwingi katika mchezo wa World of Warcraft, akijulikana humo kwa jina la Ibelin. Wazazi wake walidhani anaishi maisha ya upweke. Alipofariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 25, walitoa taarifa ya kifo hicho kwenye ukurasa alikokuwa akiandika. Ndipo zilipoanza kumiminika barua za rambirambi kutoka kwa watu wasiowajua, wakieleza jinsi mtoto wao alivyowafariji, alivyowashauri na alivyokuwa rafiki yao. Baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyingine kwenda kumzika. Filamu juu ya maisha yake ilitoka mwaka 2024. Sehemu kubwa ya mazungumzo yake na rafiki zake hao ilikuwa ya maandishi. Ikiwa maandishi matupu yaliweza kujenga udugu wa namna hiyo, sauti je, ambayo inabeba pumzi, kigugumizi na kilio? Nani atathubutu kusema kwamba hao hawakuwa karibu naye?

Kwa hiyo wote wawili wana haki, wa kando na wa sikioni. Tatizo ninaloliona liko kwingine. Hedifoni huongeza sauti ya mmoja na kupunguza ya mwingine, na sisi wanadamu tuna udhaifu wa kudhani kwamba anayesikika zaidi ndiye mwenye haki zaidi. Yule wa sikioni yu kama aliyesogezwa hadi mlangoni mwa fahamu zetu. Bibi aliye chumba cha pili amesukumwa nje ya uwanja, ingawa hakuhama alipokuwa.

Wahandisi wameligusa jambo hili bila shaka kwa nia njema. Zipo programu za mazungumzo ambazo mtumiaji anaweza kuziagiza zishushe sauti ya mchezo kila mwenzake anapoanza kusema. Hiyo ni adabu nzuri kabisa: binadamu akisema, mchezo unyamaze. Ziko pia hedifoni zinazopunguza sauti pale anayezivaa anapofungua kinywa chake. Lakini angalia, msomaji: ni lazima aanze yeye kusema. Asiyekuwa na mtandao wala maikrofoni, ambaye chombo chake ni koo lake tu, huyo mashine haijamwekea nafasi. Nafasi hiyo ni lazima aiweke mvaaji mwenyewe.

Sisemi haya kwa kubuni. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, ana rafiki ambaye hawajawahi kuonana. Usiku mmoja katikati ya mchezo rafiki huyo alisema kwa sauti ndogo kwamba baba yake amefariki jioni ile, na kwamba amekuja kucheza kwa sababu hajui pa kuipeleka huzuni yake. Waliacha kucheza, wakabaki wakizungumza. Wakati huohuo bibi akaita, anataka maji ya kumezea dawa. Hapo ndipo swali langu linapouma kweli. Yupi aachwe? Kijana aliondoa hedifoni kwenye sikio moja, akaitika "naam, bibi", kisha akamwambia mwenzake, "Usikate, nampelekea bibi maji." Bibi alipopokea kikombe akauliza anazungumza na nani. "Na rafiki yangu, kafiwa na baba yake." Bibi akasema, "Mpe pole yangu." Naye akampa.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Kijana yule hakupima nani anasikika zaidi, wala nani ni ndugu na nani si ndugu. Alipima haja. Dawa ya bibi haikuweza kungoja. Huzuni ya rafiki iliweza kungoja dakika mbili, ila haikuweza kukatiwa simu. Na kwa kuwa alimwambia kila mmoja ukweli kuhusu mwenzake, hakuna aliyejiona ametupwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kwamba sauti ikizidi, saa zipungue. Ushauri huo unalinda sikio la mwili, nao ni wa kuzingatiwa. Lakini liko sikio jingine, lile la utu, na hilo haliharibiwi na kelele. Huharibiwa na mazoea ya kutoitika.

Basi anayevaa hedifoni na azivae, acheze, afurahi na wenzake. Ila ajue kwamba amejiwekea kope mahali ambapo hapakuwa na kope, na mwenye kope anawajibika kwa kufumba kwake na kwa kufumbua kwake. Awaambie walio nyumbani kuwa anaingia mchezoni, na wamguse bega wakimhitaji. Awaambie walio mchezoni kuwa ana watu nyumbani. Asimfiche yeyote kwa mwenzake. Kisha, sauti ya kweli ya haja ikitokea upande wowote ule, aitike.