Unakaa Wapi?

Mwaka juzi mwanangu wa miaka minne alinipotea sokoni Kariakoo. Hakufika mbali. Mama mmoja muuza nyanya alimkalisha juu ya tenga, akampa kipande cha tango, akamuuliza anakaa wapi. Mtoto akajibu bila kusita: "Afrika."

Nilipofika watu walikuwa bado wanacheka. Nami nilicheka, ila usiku usingizi ulinipaa. Nilikuwa nimemnunulia ramani ya dunia ya ukutani, nikamkaririsha miji mikuu hadi wageni wakampigia makofi, lakini sikuwahi kumwonyesha njia ya kutoka kituo cha daladala hadi mlangoni kwetu. Jiografia tumemwachia mwalimu, tena wa madarasa ya mbele huko. Kumjulisha mtoto mahali anaposimama ni deni la mzazi, na mimi nilikuwa sijalipa hata senti.

Niliishusha ramani, tukaanza na pande za dunia. Hapo Kiswahili kilikwishatusaidia. Kaskazini na kusini ni majina yanayotokana na pepo: kaskazi, inayovuma Desemba hadi Machi, na kusi inayoipokea, ile waliyoingoja manahodha wa majahazi ili warudi Arabuni. Magharibi aliijua kabla sijamfundisha, maana ndiyo saa ya babu yake kutawadha jua likizama. Na kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa Dar es Salaam, mswala wa babu ukawa dira yetu.

Kivuli kilidai subira zaidi. Tulisimika mpini wa fagio uani, na kila adhuhuri tuliyokumbuka (hazikuwa nyingi) tukaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Juni kililala kuelekea kusini. Desemba kikageukia upande wa mswala, tena kifupi. Mtoto akadai kuna mtu amehamisha fagio. Sikumweleza habari za mhimili wa dunia. Kwa umri ule, kuona kwa macho yake kulitosha.

Dagaa wa Kigoma na wa Mwanza siku hizi anawatofautisha kwa meno: wa Mwanza mara nyingi wana mchanga, kwa kuanikwa chini ufukweni. Hivyo ndivyo Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria yalivyoingia nyumbani kwetu.

Bombani ndipo aliponibana. Maji yanatoka wapi? Kwenye tangi, nikasema. Na tangini? Nilikaribia kumfukuza akacheze. Kisha nikaketi juu ya ndoo, nikamwambia juu ya mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru kule Morogoro, na kwamba mvua ikigoma kule, huku kwetu ndoo zinapanga foleni.

Wiki iliyopita alichora ramani yake mwenyewe kwa mkaa, nyuma ya kalenda kuukuu. Mpera ni mkubwa kuliko nyumba. Mbwa wa jirani ana barabara yake. Ruvu inapita dukani kwa mangi kabla ya kuingia bombani. Sikusahihisha kitu. Alipomaliza akauliza bibi yuko wapi. Bibi yuko Tanga, na kalenda ilikuwa imejaa, basi tukatafuta karatasi ya pili, akaigandisha kwa juu, upande wa mswala.