Ni Mafuta Tu

Idi ya mwaka juzi, mama mdogo alinivuta pembeni jikoni akanionyesha uvimbe pajani. Ulikuwa kama ndimu, na hauumi. "Ni mafuta tu, mama," nikamwambia. Nasoma uzamili wa takwimu. Nilijua kwamba uvimbe wa namna ile, mara nyingi mno, huwa ni mafuta kweli.

Ulipofikia ukubwa wa chungwa, alikwenda hospitali. Daktari akasema maneno yaleyale, akampiga sindano ya ganzi, akautoa na kuutupa. Miezi michache baadaye ukarudi palepale kwenye kovu. Hospitali ya pili walimpiga picha ya MRI, wakachukua kinyama kwa sindano na kukipeleka maabara. Jibu: sakoma, saratani ya tishu laini. Kwa watu wazima ni kama saratani 1 katika kila 100, nayo ina aina zaidi ya 50. Ilibidi akatwe upya, safari hii pamoja na nyama yenye afya inayouzunguka, maana kisu cha kwanza huenda kiliacha mabaki. Kisha mionzi.

Je, yule daktari alikosea? Kwa hesabu, hapana. Wala haiwezekani kila kinundu kipelekwe MRI. Foleni ni ndefu, na aliyepata ajali anaisubiri mashine hiyohiyo. Lakini hesabu huzungumzia umati, na anayelala kitandani ni mmoja. Kwake hakuna asilimia: ama anao, ama hana.

Basi tumdai nini daktari? Si kujua yote. Ila uvimbe unaozidi sentimita 5, unaokua, uliojificha ndani ya misuli, unastahili kuchunguzwa kabla ya kisu, na kilichokatwa kinastahili kufika maabara. Kukisia kuwa ni mafuta hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kwenye neno "tu", lililofunga swali. Na mimi ndiye niliyelitamka kwanza.

Nilipomwomba radhi, alicheka kidogo. "Ulinipa nilichotaka kusikia, mwanangu." Hilo halikunipunguzia kitu. Sasa anatembea, ingawa anachechemea.

Juzi binamu yangu alinionyesha kinundu mkononi. Nikamwambia huenda si kitu. Kisha nikachukua rula, nikakipima, nikaandika tarehe.