Nyumba ya Jirani

Twataka kulitafakari jambo ambalo kila mtu hulilaumu kwa mwenzake: kwa nini mtu aliyekwisha kupata yamtoshayo huzidi kutaka mengine? Wengi hujibu upesi, "Ni choyo," na shauri likaisha. Lakini jibu hilo halielezi kitu. Ni kama kumwambia mgonjwa kwamba anaumwa.

Haja za mwili zina kipimo. Mtu akiisha kushiba ndizi, sahani nyingine humchukiza. Akijifunika blanketi mbili katika baridi ya Machame, ya tatu humtoa jasho. Basi kama tamaa ya mali ingetoka katika haja ya mwili, ingekoma penye shibe. Nayo haikomi. Ndipo twajua ya kuwa yatoka mahali pengine.

Tuangalie hapa Kilimanjaro. Zamani mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote nyumbani mwake, bali aliwagawa kwa watu wa mitaa mingine wamtunzie. Mtunzaji alipata maziwa, na mbolea ya migomba yake. Mwenye mali alipata rafiki. Hatusemi kwamba wazee wale walikuwa malaika. Waliwaficha ng'ombe pia kwa kuogopa wivu na kunyang'anywa. Hata hivyo mali iliyozidi haja ilikaa kwa mwingine, ikawafunga watu wawili pamoja, wala jicho la mpita njia halikuweza kuihesabu.

Ikaja kahawa na fedha yake. Mwaka 1925 wakulima wakaanzisha chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 kikafuata chama cha ushirika, KNCU. Kwa fedha hiyo watu wakaezeka mabati na kuwapeleka watoto shuleni. Hapo hatuoni kosa. Paa la majani huvuja, tena hushika moto; naye awahubiriaye maskini juu ya ubaya wa bati, hali yeye mwenyewe alala chini ya vigae, afadhali anyamaze.

Lakini siku hizi twaona jambo la pili. Katika vihamba vingi yamesimama majumba ya wana wa nchi wakaao Dar es Salaam, Arusha, au mbali zaidi. Karibu mwaka mzima yamefungwa. Mlinzi hufagia majani, na madirisha hufunguliwa wakati wa Krismasi. Na kihamba chenyewe ni kidogo, kimegawanywa kwa wana na wajukuu, hata kila msingi uchimbwao hula migomba. Tukimwuliza mwenye nyumba amejenga kwa nini, hasemi, "Nipate pa kulala." Husema, "Mtu lazima awe na kwao."

Neno hilo si la upuzi. Mjini yeye ni mpangaji, wala hakuna amjuaye babu yake. Nyumba ile yasema mbele ya ukoo kwamba hakupotea. Ataka kuhesabiwa kuwa mtu miongoni mwa watu wake, na nani asiyetaka hivyo? Ila ameituma saruji imsemee, na jirani naye ameituma yake, yenye ghorofa moja zaidi. Tangu hapo kipimo hakimo tena katika haja yake. Kimo katika nyumba ya mwenziwe, nayo yazidi kukua. Hapo ndipo mkopo hukopwa juu ya mkopo, na ada ya mtoto hungoja mpaka dari liishe.

Tena kitu kimoja huita kingine. Mfaransa Diderot aliandika habari hiyo mwaka 1769: alipata joho jipya zuri, na mara viti na meza yake vikaonekana vibovu kando yake, akavibadili kimoja kimoja hata akalijutia joho lake kuukuu. Nao waliojenga hujua: sebule mpya haikubali kiti cha zamani.

Katika Katekisimo Ndogo amri ya 9 yakataza kutamani nyumba ya jirani. Wanafunzi hudhani yamhusu mwenye hila tu, atakaye kuitwaa. Walimu na wawaulize: je, mtu hawezi kuitamani nyumba ya jirani asitake kamwe kuichukua, bali ajenge yake ili ile ionekane ndogo? Vijana wa kipaimara hujibu upesi. Wazazi wao hukaa kimya kwanza.