Hapa Hayajawahi Kufika

Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, ni nchi ya miombo na mbuga. Kiangazi mbuga hupasuka nyufa na ng'ombe hupita katikati. Masika hujaa maji ya mpunga. Anayetafuta kiwanja mwezi Septemba huvutiwa na ukingo wa mbuga, maana maji ya kufyatulia tofali yako karibu.

Tumchukue mkulima aliyejenga hapo. Mvua imepiga siku tatu mfululizo, maji yameingia majaruba ya nyuma ya choo. Mwanawe anasema, "Baba, tuhamie kwa baba mkubwa kule juu leo hii." Baba anachungulia kwa jirani, anaona moshi wa jikoni. "Mbona wenzetu wametulia? Miaka thelathini niko hapa, mwanangu, maji hayajawahi kuvuka minyaa ile." Jirani naye, huko kwake, anautazama moshi wa baba huyu, anatulia vivyo hivyo.

Baba hasemi uongo. Miaka thelathini ni ushahidi, ila ni mfupi. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipigwa na mvua ambayo haikuwa imeonekana tangu 1954. Aliyehamia bonde la Jangwani mwaka 1970 alikuwa amekaa miaka 41 bila kuona mvua kubwa kama ile. Baada ya mafuriko, Serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande, na hata hivyo baadhi yao walirudi bondeni. Riziki yao ilikuwa mjini, hilo nalikubali. Lakini maji yakishakauka, hofu nayo hukauka, na hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Hata tahadhari hupimwa kwa ile iliyopita. Aprili 2021 kilitangazwa kimbunga Jobo, kikafifia. Aliyebaki na kumbukumbu hiyo peke yake angeweza kudhani tangazo la kimbunga Hidaya, Mei 2024, ni la kutishana tu. Lakini mvua za Hidaya zilikata barabara ya Lindi pale Somanga.

Kwa hiyo uamuzi wa kuhama ufanyike kiangazi, kichwa kikiwa kimetulia. Familia ichague jaruba moja: maji yakiligusa, watoto, wazee na mbuzi wanaondoka, hata kama ni usiku, bila mjadala. Na jirani aelezwe mapema ni jaruba lipi, ili akiona mmeondoka naye afungashe.