Tangi Safi

Nilimaliza chupa tatu za siki kwenye hilo tangi. Lita 200, vioo vizito, nililinunua kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahama. Tangi la maji ya chumvi likikauka huacha ushahidi: mstari mweupe pale maji yalipofika, chokaa kwenye pampu, madoa ya zambarau ya ule mwani mgumu kama jiwe. Sabuni usiguse, masalia yake yanaweza kuua samaki. Unapaka siki, unangoja chokaa itoe vipovu, unakwangua kwa wembe, unasuuza, unarudia. Jioni ya pili lilikuwa linang'aa kama limetoka dukani.

Siku ya kulibeba nilimuuliza jamaa kama lina shida. "Hapana boss, iko fiti."

Nikatia chumvi kilo saba hivi, nikapanga mawe na mchanga aliyoniachia, nikangoja wiki sita bakteria wazaliane, wale wanaopunguza makali ya uchafu wa samaki. Samaki wawili wakaingia, wakatulia. Kisha konokono wanne. Ndani ya siku tatu wote walikuwa wamekufa.

Ilikuwa shaba. Dawa ya shaba hutibu samaki ugonjwa wa madoa meupe, lakini kipimo anachokivumilia samaki humuua konokono. Na mawe ya matumbawe huinyonya, kisha huiachia polepole. Nilimpigia simu. Akakubali, aliwahi kutia dawa. "Lakini wewe hukuniuliza mambo ya dawa."

Kweli, sikuuliza. Ningeulizaje kitu ambacho sikujua kipo?

Huu ubishi ni wa kale. Cicero, Mrumi, aliuandika mwaka 44 kabla ya Kristo: mtu anauza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye tu. Diogenes wa Babeli anamtetea, kwamba kunyamaza si kuficha, mnunuzi ana macho yake. Antipater anakataa: anachojua muuzaji, mnunuzi naye akijue. Cicero mwenyewe alisimama na Antipater. Mimi pia, siku ile ya konokono, bila hata kufikiria.

Shida ni kwamba sasa muuzaji ni mimi. Mawe na mchanga nilishatupa, nimebaki na vioo. Kuna wanaosema hata gundi ya silikoni kwenye kona hushika shaba, wengine wanabisha. Msichana wa chuo ameona picha, ameniandikia: "Habari, bado ipo? Iko na shida yoyote?"

Nimeitazama ile picha tena. Ule mstari mweupe na madoa ya zambarau ndivyo vitu pekee ambavyo vingemfanya aulize tangi hili liliishi vipi. Nilivikwangua kwa mikono yangu, na nilikuwa najisifu. Yule jamaa alau aliniuzia likiwa chafu.

Halafu nahitaji pesa, tusidanganyane. Kodi ni tarehe tano.

Nilianza kuandika "iko fiti", nikafuta. Nikaandika kwamba liliwahi kutiwa dawa ya shaba, kwamba samaki wangu wako sawa ila konokono walikufa, kwamba nimepunguza elfu mbili. Nikatuma kabla sijabadili nia.

Tiki mbili za bluu. Hajajibu.